Bunduki ya Msasi: Mbona Huku Ipo na Kule Haipo?

Mvuvi wa Vanga akipanda hadi Lamu, akaingia duka la vyombo vya uvuvi, hatakuta kila alichokizoea kwao. Ataona mishipi asiyoijua na nyavu za macho mapana kuliko zile za kwao. Na akiulizia jarife la namna aitakayo yeye, huenda mwenye duka akamtazama tu kwa huruma. Mvuvi huyo hatatoka akilitukana duka. Anajua ya kuwa bahari ya Lamu ina samaki wake na miamba yake, na ya kuwa mfanyabiashara hanunui mali ya kuja kuozea kwenye rafu.

Leo nataka tuzungumze habari hiyo hiyo, ila si ya nyavu bali ni ya bunduki za usasi, na si ya Lamu bali ni ya Marekani. Msomaji ataniuliza, "Sisi na bunduki za Wamarekani wapi na wapi?" Jawabu ni hili: kila baada ya muda huzuka hapa Kenya mjadala wa kuufungua tena usasi uliopigwa marufuku katika mwaka wa 1977. Mwaka 2018 Waziri wa Utalii wa wakati huo, Bw. Najib Balala, aliteua jopo la kuchunguza kama wanyama wa porini waweze tena kutumiwa kwa nyama na ngozi. Usasi haukufunguliwa, lakini maneno hayakwisha. Na kila yakizuka, hapakosi mtu wa kusema, "Mbona Marekani wanasasa, na wanyama wao hawamaliziki?"

Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu. Na nusu iliyobaki, waama, haipatikani kwa kusoma hotuba za wakubwa. Hupatikana kwa kusimama mbele ya duka dogo la bunduki katika mji mdogo wa Marekani na kuuliza swali la kitoto: mbona bunduki hii hapa ipo, na katika jimbo la pili haipo?

ARDHI NDIYO HUANZA KUCHAGUA

Tuanze Pennsylvania. Ni jimbo la milima na misitu minene, na mnyama anayesaswa zaidi ni yule nitakayemwita kulungu, ingawa si kulungu wetu hasa. Wa kwao ana mkia mweupe kwa chini, na dume lake huota pembe zenye matawi na kuzipukutisha kila mwaka. Katika msitu kama huo msasi hamwoni mnyama kutoka mbali. Humwona hatua chache tu, kwa mara moja, kisha huyoo, amekwisha potea. Kwa hivyo bunduki iliyopendwa huko ni nyepesi, fupi, na ya kutia risasi ya pili upesi.

Kwa miaka mingi bunduki ya namna hiyo ilikuwa Winchester ya mwaka 1894, ile ya wenzo chini ya mkono, ambayo imetengenezwa zaidi ya milioni saba. Lakini Pennsylvania iliongeza jambo lake la pekee. Sheria ya jimbo hilo haikumruhusu msasi wa kulungu kutumia bunduki inayojitia risasi yenyewe. Basi watu wakaipenda Remington 760, iliyotoka mwaka 1952, na ndugu yake 7600 iliyoifuata mwaka 1981. Hizi mtu huzitia risasi kwa kusukuma mkono wa mbele nyuma na mbele, upesi sana, wala hajavunja sheria. Mtu aliyelelewa Texas huenda akafikia utu uzima asiione bunduki hiyo dukani. Pennsylvania ilikuwa kama kanga mtaani kwetu.

Na usasi huko si mchezo wa matajiri. Hadi mwaka 2018 msimu wa kulungu kwa bunduki ulifunguliwa siku ya Jumatatu baada ya sikukuu yao ya kushukuru, na shule nyingi za mashambani zilifungwa siku hiyo, kwani walimu na wanafunzi wote wangekuwa porini. Mwaka 2019 ufunguzi ukahamishiwa Jumamosi, na wazee wakanung'unika kana kwamba wameibiwa mila yao.

Ukitoka hapo ukenda Texas, mambo hugeuka. Nchi ni wazi, jicho huona mbali, na karibu ardhi yote ni mali ya watu binafsi. Msasi hutaka bunduki ya komeo yenye darubini juu, na risasi ndogo iendayo kasi kwa mstari ulionyooka. Tena Texas kuna mnyama ambaye msomaji wangu hamgusi: nguruwe mwitu. Wamezaana mpaka wakawa janga la wakulima, na tangu Septemba 2019 sheria ya jimbo hilo haimtaki mtu leseni ya usasi ili kuwaua katika shamba la mtu binafsi aliyempa ruhusa. Ndiyo sababu maduka ya huko yamejaa zile bunduki za kujitia risasi ambazo Pennsylvania hazikutakiwa kwa kulungu. Mnyama mmoja mharibifu ameyageuza maduka ya jimbo zima.

Na ukipanda Alaska, kwenye dubu wakubwa wa kahawia, hutaona mzaha. Huko dukani kuna risasi nene, na mojawapo ni .375 ya Holland & Holland, iliyobuniwa London mwaka 1912. Huyu si mgeni kwetu. Ndiye yule yule ambaye nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu usasi zimemfanya kuwa kipimo cha chini kwa ndovu, nyati na simba. Duka la Alaska na msasi wa Afrika wamekutana katika risasi moja, wala hawakuandikiana barua. Kilichowakutanisha ni ukubwa wa mnyama.

Sisi watu wa Mombasa tulipaswa kulijua jambo hili mapema. Mwezi wa Aprili 1909 alishuka hapa kwetu Kilindini Bw. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa Marekani. Alikuja na Springfield ya kijeshi iliyogeuzwa kuwa ya usasi, na Winchester ya .405 ambayo aliipenda kwa simba, na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na Waingereza kwa ajili ya ndovu na vifaru. Kwa nini hakuja na ile ya kwao ya kulungu? Kwa sababu alijua ya kuwa ardhi ndiyo humchagulia msasi silaha. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile. Tuishike hesabu hiyo, tutairudia.

MSTARI KATIKA RAMANI

Mpaka hapa mtu atasema, "Basi ni mambo ya milima na mabonde." La. Ingekuwa ardhi peke yake, nisingeandika makala haya. Ardhi huanza kuchagua, lakini sheria ndiyo humaliza.

Tuutazame ukanda wa majimbo ya kilimo: Ohio, Indiana, Michigan ya kusini na Iowa. Nchi ni tambarare, mashamba ya mahindi yameshikana, na nyumba hazikuachana sana. Serikali za huko ziliogopa ya kuwa risasi ya bunduki ya kawaida ikimkosa kulungu itasafiri mpaka ukumbini mwa mtu. Kwa hivyo kwa miaka mingi msasi wa kulungu katika sehemu hizo aliruhusiwa bunduki ya marisau tu, iliyotiwa donge moja zito badala ya chembechembe, au gobori la kushindiliwa baruti kwa mdomo. Naam, gobori! Silaha ambayo wengi wetu twadhani imebaki Fort Jesus, kule huuzwa mpya dukani mpaka leo, kwa sababu sheria imeitengea siku zake.

Basi mtu aliyehama Pennsylvania na ile Remington ya baba yake akaingia Ohio, alikuta bunduki yake imekuwa pambo la ukutani. Na akiingia dukani alikuta rafu za marisau na magobori, na bunduki za risasi za kulungu ni chache mno. Mwenye duka hakuwa mjinga. Nani angemnunulia?

Kisha ukaja mlango mdogo. Mwaka 2014 Ohio iliruhusu bunduki za risasi zenye ganda lililonyooka. Ni jambo jepesi kulifahamu. Risasi nyingi za kisasa ganda lake lina shingo kama chupa: tumbo pana limejaa baruti, mdomo mwembamba, na chembe hutoka kwa kasi kubwa ikaenda mbali. Ganda lililonyooka halina shingo; ni kama kopo. Chembe yake ni nene na nzito, humwangusha kulungu aliye karibu, lakini nguvu humwishia mapema njiani. Mwaka huo huo Michigan iliruhusu namna hiyo katika sehemu yake ya kusini, na ikaandika vipimo: unene usipungue .35, na urefu wa ganda uwe baina ya inchi 1.16 na inchi 1.80. Iowa ilifuata mwaka 2017.

Sasa tazama biashara ilivyoitikia. Ilikuwapo risasi moja iitwayo .450 Bushmaster, iliyotoka mwaka 2007, ambayo kwingineko haikuwa na wapenzi wengi. Ganda lake limenyooka na ni la inchi 1.70. Ghafla ikawa lulu ya Michigan. Mwaka 2019 kampuni ya Winchester ikatoa risasi mpya kabisa, .350 Legend, iliyokatwa kwa vipimo vya sheria za majimbo hayo kama kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mtu. Maduka ya Ohio na Michigan yakajaa bunduki zake. Vuka mpaka uende kwenye milima ya magharibi, ambako sheria haina shida na ganda la chupa, na mwenye duka atakuuliza, "Ya nini hiyo?"

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Mtu aliyekaa ofisini alichora mstari katika ramani na kuandika kipimo cha inchi, na kiwanda kilicho mbali kikaunda kitu kipya ili kukitii kipimo kile. Hili halitokei kila mahali. Hutokea pale tu ambapo muuzaji anajulikana, mnunuzi anajulikana, na askari wa wanyama yupo kule porini wa kukagua.

Muislamu hana haja ya kushangaa kuwa mnyama mmoja aweza kuwa ruhusa hapa na marufuku pale. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu ameuhalalisha usasi, kisha akauharamisha ule wa nchi kavu kwa aliye ndani ya ihramu, na ule wa baharini akauacha. Mnyama ni yule yule na mshale ni ule ule. Kilichobadilika ni hali ya mtu na mahali aliposimama. Na wanazuoni wetu, baruti ilipokuja, walibishana sana juu ya nyama iliyouawa kwa risasi: je, risasi hutoboa kama mshale, au huponda kama jiwe? Wengi wa siku hizi wameikubali ile itoboayo. Mimi simo katika kutoa fatwa. Wenye elimu wapo na waulizwe. Ninachosema ni kuwa dini yetu haikumwacha msasi hivi hivi, bali ilimwekea mipaka ya chombo, ya mahali na ya wakati.

Wala nisimpambe Mmarekani kwa sifa asizostahili. Ile hofu yao ya kuwa bunduki ya marisau ni salama kuliko ya risasi ilipochunguzwa kwa niaba ya bunge la Pennsylvania mwaka 2007, ilionekana si kweli kila wakati: lile donge likipiga chini hudunda, na baada ya kudunda laweza kwenda mbali kuliko risasi ya kawaida. Maana yake, mamilioni ya watu walifungwa kwa miaka mingi na kanuni ambayo msingi wake haukupimwa. Tena maduka yale yale yamewauzia silaha watu wasiokwenda porini. Katika mwaka wa 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nyingi si bunduki za usasi, bali ni bastola. Lakini ni nchi moja. Atakayewaiga na aiangalie hesabu hiyo pia.

KIWANDA KIKIFUNGWA

Kuna sababu ya tatu, nayo si ardhi wala sheria, ni soko. Mwenye duka dogo hununua kwa jumla kwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa hugawa mali kwa anayeuza sana. Kama vile wafanyabiashara wa Biashara Street wanavyojaza leso kabla ya Idi, maduka ya Marekani hujaza bunduki kabla ya msimu wa kulungu, kila mji kwa kulungu wake. Aliyekosea kukisia hukaa na mali mwaka mzima.

Na chimbuko likikauka, hapana duka liwezalo kusaidia. Kiwanda cha Winchester cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na ile bunduki ya wenzo ikatoweka madukani mpaka ilipoanza kutengenezwa Japani miaka michache baadaye. Marlin, mpinzani wake, ilinunuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Ruger. Watu wa misituni wakangoja hadi mwaka 2023 kuiona tena ile bunduki yao ya.30-30. Kampuni ya Remington ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020, na kiwanda chake cha zamani cha Ilion, New York, kikafungwa mwaka 2024. Sasa ile 7600 ya Pennsylvania hutafutwa kwa wenye kuuza vilivyotumika, na baba huirithisha kama jambia.

Mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa maradhi ya korona, Wamarekani walikimbilia bunduki. Ukaguzi wa rekodi za wanunuzi ulifika milioni 39.7 katika mwaka huo mmoja, na risasi za usasi zikakosekana. Mzee mwenye .30-30 ya babake alikuwa nayo bunduki, anayo na leseni, na kulungu yuko nyuma ya ghala. Asichokuwa nacho ni risasi moja ya kutia.

California nayo ina habari yake. Tangu Julai 2019 hairuhusiwi kusasa kwa risasi ya madini ya risasi yenyewe, kwa sababu ndege mkubwa wa huko, kondori, hula matumbo yaliyoachwa na wasasi akafa kwa sumu. Basi msasi wa California hutafuta risasi ya shaba. Na kwa bunduki nyingi za zamani, shaba hiyo ni adimu. Ndege mmoja aliye karibu kutoweka amebadilisha rafu za jimbo zima, na nadhani hilo ni jambo la heshima.

PESA HURUDI WAPI?

Sasa tufike kwenye fundo. Mbona wanyama wao hawamaliziki? Jawabu moja kubwa limo katika risiti ya duka. Sheria ya mwaka 1937, iliyotiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt, iliiweka kodi ya bunduki ndefu na risasi katika mfuko wa wanyama. Kodi hiyo ni asilimia 11, na pesa zake hurudishwa kwa majimbo kwa ajili ya kuwatunza wanyama na makao yao. Tena ili jimbo lipate fungu hilo, ada za leseni za usasi zisitumiwe kwa jambo jingine. Kwa hivyo kila anayenunua risasi, hata asiyekwenda porini maisha yake, anamlipia kulungu. Duka, leseni, askari na mnyama wamefungwa kamba moja.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku usasi mwezi wa Mei 1977, na muda mfupi baadaye ikafunga na biashara ya pembe, ngozi na vinyago vya mifupa. Nia ilikuwa njema. Wanyama walikuwa wakiangamizwa, na wasasi wenye leseni na wezi wasio na leseni walikuwa wamechanganyika hata haijulikani nani ni nani. Hesabu ya Roosevelt ya wanyama 512 ilikuwa tone tu katika bahari iliyokuja baada yake.

Duka likafungwa. Lakini je, bunduki ilikufa? Hata! Ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000 katika mwaka wa 1973; kufika mwaka 1989 walikuwa chini ya 20,000. Vifaru weusi, waliokuwa kama 20,000 kwenye mwaka wa 1970, hawakufika 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Na mauaji mengi ya miaka hiyo ya mwisho hayakufanywa kwa bunduki ya dukani iliyoandikwa nambari kitabuni. Yalifanywa kwa bunduki za kivita zilizovuka mipaka. Yaani, mlango wa mbele ulitiwa komeo, na ule wa uani ukaachwa wazi.

Ndovu hawakuanza kurudi kwa sababu duka limefungwa. Walianza kurudi mlango wa uani ulipozibwa. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Oktoba ya mwaka huo mataifa yakaifunga biashara ya pembe duniani. Shirika jipya la wanyama, KWS, likaanza kazi mwaka 1990 likiwa na askari wenye silaha na magari. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu ndovu 36,280. Ni wachache mbele ya wale wa 1973, lakini Alhamdulillahi, ni mara mbili ya wale wa 1989.

NA WALE WA MSITUNI?

Kuna watu ambao hesabu hizi hazikuwauliza. Wahenga walisema, msasi haogopi mwiba. Walikuwa wakimsema nani? Hapa kwetu Pwani walikuwapo Waata wa nchi ya Galana na Tsavo, waliosasa ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu, bila ya duka wala baruti. Katika miaka ya 1950, baada ya mbuga ya Tsavo kuwekwa, walikamatwa na kutiwa jela kwa mamia. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana ili wasase kwa mpango na mapato yawafae, lakini haukudumu. Nchi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Wapo na Waboni wa Lamu na Garissa, Waislamu wenzetu, ambao walikula asali na nyama ya msitu tangu kabla ya mtu yeyote kuchora ramani. Mwaka 1976 misitu yao ya Boni na Dodori ilitangazwa kuwa hifadhi. Mwaka uliofuata usasi wote ukafungwa. Katika muda wa miaka miwili, kazi ya babu zao ikawa kosa la jinai. Yule msasi mkubwa aliyekuja kwa ndege alipoteza burudani, akapanda ndege akenda kusasa kwingine. Mboni alipoteza chakula cha jioni, naye hakuwa na pa kwenda.

Linganisha na kule tulikotoka. Pennsylvania ilimnyima msasi bunduki ya namna fulani, ikamwachia nyingine. Michigan ilimnyima ganda la chupa, ikamwachia la kopo. California ilimnyima madini ya risasi, ikamwachia shaba. Kila katazo lilikuja na badala yake. Sisi tuliweka katazo, badala hatukuweka.

Wala simaanishi tufungue maduka ya bunduki kesho. Silaha zilizozagaa katika nchi hii zatosha, na bunduki halali hugeuka haramu kwa usiku mmoja. Tena ndugu zetu wa Tanzania walifunga usasi mwaka 1973, wakaufungua mwaka 1978, na bado ndovu wao waliuawa kwa maelfu katika miaka ya 1980. Kufungua si dawa peke yake, kama kufunga kusivyokuwa dawa peke yake.

Ninachosema ni kuwa anayetaka kuiga Marekani asiige rafu ya dukani. Aiige ile kamba inayoifunga rafu na msitu. Na mahali pa kuanzia papo, wala si mbali. Sheria yetu ya wanyama ya mwaka 2013 yasema ya kuwa mtu akiuawa na mnyama wa porini, warithi wake walipwe shilingi milioni 5. Waulize watu wa Taita, wa Kwale na wa Mto Tana, ambao ndovu huwalia mahindi usiku na kuwavunjia mabomba ya maji mchana, ni miaka mingapi wamengojea malipo ya namna hii. Kule, mwenye risiti ya risasi amekwisha mlipia kulungu kabla hajafika porini. Huku, aliyezika ndiye anayeukopesha mfuko wa serikali.

Huyo ndiye mtu wa kuulizwa kabla ya jopo jingine kuketi. Akilipwa haki yake kwa wakati, na Mboni akapewa badala ya alichonyang'anywa, hapo ndipo neno la kufunga au kufungua litakapokuwa na maana. Kwani mnyama atakuwa na jirani anayefaidika kwa uhai wake. Bila ya hivyo tutabaki na sheria iliyo kama ile ya juya. Lilipigwa marufuku katika mwaka wa 2001, na yule mvuvi wetu wa Vanga hataliona likiuzwa mchana katika duka lolote. Lakini alfajiri, akitazama mapwa, huliona linavutwa.